Mita 210 Zilizobaki

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimekaa juu ya jiwe pale Gilman's Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,685. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Kilibaki kimo cha mita 210, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa kuufuata ukingo. Ule mwinuko wa changarawe na majabali, sehemu ngumu kuliko zote za njia ya Marangu, nilikuwa nimeshaumaliza.

Mrija wangu wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa mgongoni uliganda tangu pango la Hans Meyer, huko chini njiani. Ukishanyonya, maji hubaki ndani ya mrija, na kwenye baridi ile hugeuka barafu upesi. Inatakiwa upulize yarudi kwenye mfuko kila unapomaliza kunywa. Chupa ya kawaida ni bora zaidi: ivike soksi nzito na uipindue kichwa chini, maana barafu huanzia juu, kwa hiyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Mimi nilibeba mrija peke yake. Saa tatu nzima sikunywa tone.

Kosa kubwa lakini nililifanya nikiwa bado Mwanza, nilipolipia safari ya siku tano badala ya sita. Nilijipa moyo kwamba sisi hatutoki pwani. Ziwa lenyewe liko mita 1,134. Kimo hicho hakimwandai mtu kwa Kibo hata kidogo. Ukishavuka mita 3,000, inashauriwa usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na mwingine. Mimi nililala kwenye kambi za Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kisha Kibo juu ya 4,700. Kila usiku karibu mita elfu moja, mara mbili ya kiwango. Siku ya sita hutumika Horombo: unapanda mpaka kwenye mawe ya Zebra, karibu mita 4,000, unashuka na kulala palepale, mwili unapata muda wa kuzoea.

Kichwa kilianza kuniuma Horombo. Kibo nilitapika biskuti nikameza dawa ya maumivu, ambayo ilikituliza kichwa bila kuniongezea oksijeni. Kule ukingoni kila pumzi inaleta karibu nusu tu ya ile unayoipata usawa wa bahari. Nilijaribu kufunga zipu ya koti, vidole vikawa vinaipita tu.

Kiongozi wetu aliliona hilo. Akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo yake, kama hatua kumi.

“Dada, pita juu ya mstari huu. Kisigino kiguse kidole cha mguu wa nyuma.”

Hatua ya tatu nilitoka nje ya mstari. Nikarudia, nikatoka tena. Mtu asiyeweza kushika mstari ule huenda ubongo wake umeanza kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka.

Nilimwomba dakika kumi nipumzike.

“Hapana, dada. Tunashuka sasa hivi.”

Alikuwa sahihi, na namshukuru mpaka leo. Alinishika mkono mpaka Kibo. Mchana, Horombo, kichwa kilikuwa chepesi na wagumu, wabeba mizigo wetu, wakanigawia ugali wao.

Cheti nilichopewa kimeandikwa Gilman's Point. Sijakitundika. Tangu darasani nilijua jina la Alexander Nyirenda, aliyesimika bendera na mwenge kule juu Desemba 1961, na nilitaka miguu yangu ikanyage palepale. Bado nataka. Kushuka sijutii, ile siku moja niliyoipunguza ndiyo inayoniamsha usiku.

Safari hii naweka akiba ya kulipia siku saba, njia ya Lemosho, ambayo inakupandisha mpaka mwamba wa Lava Tower mita 4,600 na kukurudisha chini ya 4,000 kulala. Jumamosi alfajiri napanda mawe ya Capri Point, Mwanza, na chupa sita za lita moja na nusu mgongoni, kilo tisa. Juu, kisiwa cha Saanane kikiwa kinaanza kuonekana, nayamwaga maji yote kwenye mizizi ya miti ili magoti yasiumie wakati wa kushuka, kisha narudi na chupa tupu kuzijaza tena.