Kinga ya mwili ikiwaka, moyo huzima

Jamani, mtu akishikwa na malaria hukosa hamu ya kula, hataki watu, analala tu. Hiyo ni kazi ya saitokaini, kemikali za kinga ya mwili zinazoufikia ubongo. Msongo wa muda mrefu (kodi, zamu za usiku bandarini, foleni ya feri Likoni) nao huziamsha, bila homa yoyote. Kawaida kotisoli, homoni ya msongo, huzituliza. Ikikaa juu miezi na miezi, seli za kinga huacha kuisikiliza, saitokaini hubaki juu, na kwa wengine huchangia sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Lakini si kila sonona hutoka huko. Kipimo cha damu cha CRP (protini inayopanda kinga ikiwaka) huzidi miligramu 3 kwa lita kwa takriban robo tu ya wagonjwa wa sonona. Tena hakipimi sonona: jino bovu au unene hukipandisha vilevile. Usipime ukiwa na homa.

Kosa kubwa ni kununua brufeni dukani eti "uzime moto". Ukiichanganya na fluoxetine, dawa ya sonona, hatari ya kutokwa damu tumboni hupanda. Hata infliximab, dawa kali kweli ya kuzuia saitokaini, katika jaribio la 2013 kwa wagonjwa wa sonona haikuishinda dawa bandia kwa jumla. Dalili za nafuu zilionekana kwa wenye CRP ya zaidi ya 5.

Tembea dakika 30, mara 5 kwa wiki. Ufukweni Mama Ngina, Mombasa, jioni pana upepo. Muguka, yale majani ya kutafuna, acha, huiba usingizi. Huzuni ikipita wiki 2, nenda kliniki. Vidonge vya sonona huchukua wiki 4 hivi kufanya kazi, na wengi huviacha kabla. Fikra za kujiua? Hospitali, leo hii.