Heroes III ndani ya simu

Leo jioni nimecheza Heroes of Might and Magic III kwenye simu yangu ya Android, mchezo wa mikakati ulioundwa na New World Computing na kutolewa mwaka 1999 kwa ajili ya kompyuta.

Kinachouendesha ni VCMI, programu huria ambayo wapenzi wa mchezo huo walianza kuiandika mwaka 2007. Picha, sauti na ramani hazimo ndani yake. Ni lazima uwe na nakala halali ya mchezo wenyewe, kisha uhamishie mafaili yake kwenye simu, jambo ninaloliona kuwa la haki kabisa.

Kilichonigusa zaidi ni kidole.

Kwenye kompyuta tulibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ili kumchunguza adui kabla ya kumshambulia; hapa unagusa na kushikilia, na maelezo yaleyale yanajitokeza. Nilimshikilia joka mmoja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa furaha ya kuona kwamba mtu fulani, kwa kujitolea tu, alilifikiria hata jambo dogo kama hilo.

Marafiki mliocheza michezo ya mikakati ya zamani, ni upi mngependa kuuona kwenye simu zenu?