Siku moja maishani mwangu: mimi na CD45

Watu wakisikia nafanya kazi maabara, hudhani nashinda na darubini. Yangu imeota vumbi. Kazi yangu ni kuzipaka seli rangi na kuzipitisha moja moja mbele ya leza.

Saa 1:30 asubuhi. Joto la friji liko kati ya nyuzi 2 na 8, naandika, nasaini. Nawasha mashine, napitisha shanga za kupimia. Inaitika.

Saa 2:30. Uboho wa mgonjwa wa kwanza. Natoa kichupa cha kingamwili ya CD45. Ukikiinua utadhani hakina kitu. CD45 ni protini iliyojitokeza juu ya karibu kila seli nyeupe ya damu, ilhali seli nyekundu zilizokomaa na chembe sahani hazina. Ni fosfatasi: hung'oa fosfati kwenye tairosini (moja ya viungo vinavyojenga protini) za protini nyingine. Katika seli T, aina ya seli nyeupe, huing'oa kwenye tairosini ya 505 ya kimeng'enya kiitwacho Lck, na hapo Lck inafunguliwa kufanya kazi. Kingamwili yangu huing'ang'ania CD45 ikiwa imebeba rangi, na rangi hiyo mwanga huiua. Ndiyo maana tyubu zangu zinakaa gizani.

Saa 4 nimeshapasua seli nyekundu kwa amonia kloridi na kuosha.

Kisha simu. Tyubu ya pili imefika na donge la damu ndani, nami nimeikataa.

"Si utoe tu hilo donge, upime kilichobaki?"

"Daktari, seli tunazozitafuta huenda ndizo zilizonaswa humo. Nikipima kilichobaki, nitakupa majibu yasiyoaminika."

"Lakini si mashine ndiyo inayopima?"

Nikavuta pumzi. Hili swali ndilo linalonichosha kuliko kusimama. Nikamweleza: EDTA, kemikali iliyomo ndani ya tyubu, huzuia damu kuganda iwapo tyubu imepinduliwa taratibu mara baada ya kuchukuliwa; donge dogo tu linaweza kuziba njia ya mashine, na hapo wagonjwa wote wa leo wanasubiri. Akakata. Akapiga tena. Akampa mwenzake simu, naye akaniuliza lile lile kwa sauti ya upole zaidi. Nilikuwa nimevaa glavu muda wote, simu nimeibana kwa bega, na tyubu ya kwanza inanisubiri. Mwisho wakakubali kuchukua nyingine.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokaa mbele ya skrini. Kila seli ni nukta, na kadiri CD45 yake inavyowaka ndivyo inavyokaa kulia. Limfosaiti, aina ya seli nyeupe, ziko kulia, CD45 inawaka. Granulosaiti, seli nyeupe zenye punje ndani, zimepanda juu kwa sababu ya punje hizo. Katikati, pale penye CD45 hafifu, ndipo seli changa hujificha, na leo pamejaa. Mwenye haraka angechora mpaka kuzunguka zinazowaka tu na kutupa upande wa kushoto. Lakini seli za baadhi ya saratani za damu za aina ya B hazina CD45 kabisa. Ukitupa kushoto, umetupa ugonjwa. CD45 hainitajii ugonjwa, inanionyesha pa kuchimba. Kuutaja kunahitaji kingamwili nyingine, na macho.

Mgongo unauma. Nilipokuwa nasaini ripoti, tyubu mpya ikaletwa. Nikaipindua mbele ya mwanga: damu inatiririka, haina donge. Nikaitia kingamwili, nikaifunika. Dakika 15 gizani, nami nikapata nafasi ya kula.