Urojo wa watu sita: asiyejua kupika mpe sufuria, si karai

Rafiki asiyejua kupika akija kusaidia, mara nyingi husukumwa kwenye karai: "Wewe kaanga tu." Hapo ndipo mambo huharibika. Kukaanga kunataka jicho lililozoea, na bhajia ikishaungua hairudi. Urojo wenyewe, ule mchuzi wa manjano ambao watu huuogopa, ndio kazi ya kumpa. Ukiwa mzito unaongezwa maji ya moto, ukiwa mwepesi unaongezwa unga uliokorogwa kwa maji baridi, na ukifanya madonge unachujwa. Karibu kila kosa lina dawa yake.

Ndiyo maana kwa chakula cha usiku cha kupika pamoja, urojo wa Unguja, yaani bakuli la mchuzi huo pamoja na kachori, bhajia, mishkaki na chatini, unafaa kuliko biriani. Kila kitu hupikwa peke yake, watu sita wanaweza kushika kazi sita, na mwisho kila mtu anajijazia bakuli lake. Anzeni saa kumi jioni kama mnataka kula saa mbili. Kunde, hata hivyo, zirowekwe tangu usiku wa jana.

Tuanze na sufuria. Menya embe bichi mbili, zikate vipande, zichemshe kwenye maji lita moja na nusu pamoja na kijiko cha chai cha bizari ya manjano na chumvi. Baada ya dakika kama 15 zitalainika. Ziponde humohumo kwa mwiko, utoe kokwa. Chukua robo tatu ya kikombe cha unga wa ngano, kama gramu 90, ukoroge kwenye nusu lita ya maji BARIDI mpaka usione chembe. Herufi kubwa si bahati mbaya. Unga mkavu ukikutana na maji ya moto, nje ya kila kidonge huiva papo hapo na kufunga, ndani unabaki mkavu, na hapo hakuna mwiko utakaouvunja. Punguza moto, mimina huku unakoroga bila kusimama, ukikwangua chini, kwa sababu unga hutua na kushika sufuria. Uache utokote polepole dakika 15 hadi 20. Asiyezoea huona umeshakuwa mzito baada ya dakika tano akadhani umeiva. Auonje: kama ulimi unapata unga, bado.

Ukiwa tayari uwe kama uji mwepesi wa mgonjwa, wala usizidi hapo, maana ukipoa utaganda zaidi. Ndimu mbili au tatu zikamuliwe baada ya kuepua. Zikichemka sana harufu yake hupotea, na uchachu huufanya mchuzi uanze kulegea. Msimu wa embe ukiwa umepita, ongeza ndimu, usihangaike.

Kachori ndiyo kazi ya mikono mingi na kelele. Viazi kilo moja vichemshwe na maganda yake. Vikimenywa kwanza hunywa maji, na kiazi chenye maji ndicho kinachopasuka kwenye mafuta. Vikiiva vimenywe, vipondwe vikiwa vya moto, mvuke utoke, kisha tia thomu (kitunguu saumu), pilipili, kotimiri, chumvi na ndimu moja. Fanyeni madonge ya ukubwa wa ndimu. Yatatoka kama 24. Moja mnaweza kuficha kipande cha pilipili mbuzi ndani, muone nani atalipata, lakini kila aliyepo ajue mchezo upo, na kama kuna mtoto mezani, acheni kabisa.

Kikombe kimoja cha unga wa dengu kikorogwe na maji kidogo kidogo, na chumvi, kiwe cha kuchovya madonge kabla ya kukaanga. Chovya kijiko: kama mgongo wake unaonekana, ni mwepesi, utateleza na kuacha kiazi uchi. Sasa aje mwenye uzoefu ashike karai. Tone la unga likizama kidogo na kuibuka mara moja likitoa mapovu, mafuta yako sawa. Likikaa chini, subiri. Msitie zaidi ya tano au sita kwa mpigo, kwani mafuta yatapoa na kachori zitayanywa. Ndani kumeshaiva, ni ganda tu linalotaka moto.

Bhajia za kunde ni kinyume chake: ndani ni mbichi, kwa hiyo moto uwe wa kiasi, la sivyo zitakuwa nyeusi nje na uji ndani. Vikombe viwili vya kunde zilizorowekwa visuguliwe viganjani mpaka maganda yatoke. Yanaelea, unayamwaga, unaongeza maji, unarudia. Kazi nzuri ya mtu mwenye maneno mengi. Sagia kwa maji kidogo iwezekanavyo, kisha piga kwa mkono mpaka mchanganyiko ujae hewa; kipande kikidondoshwa kwenye gilasi ya maji kikaelea, inatosha. Kitunguu na chumvi vitiwe dakika ya mwisho, maana chumvi hutoa maji ya kitunguu na rojo hulegea.

Nyama ya mishkaki, nusu kilo, ikolezwe kwa kijiko kimoja cha papai bichi lililosagwa, thomu, tangawizi na chumvi. Saa moja au mbili tu, kisha ichomwe. Ikilala na papai usiku kucha inakuwa kama nyama iliyotafunwa.

Chatini ya nazi iwe ya mwisho, kwa sababu joto huichachusha haraka. Mgeni wa jiko akikaa kwenye mbuzi, mwambie azungushe kifuu na aache mara akiona ukahawia. Akizidi, chatini inakuwa ya kijivu. Nazi moja, pilipili mbili, ndimu, chumvi, maji kidogo, saga. Aliyekata pilipili apake mafuta ya kula mikononi kwanza, ndipo anawe kwa sabuni, maana ukali wake hauyeyuki kwa maji matupu. Na asijiguse macho hata hivyo.

Krispi za muhogo nunueni. Kukata muhogo uwe kama nyuzi ni jioni nyingine nzima.

Bakulini tangulizeni viazi vya kuchemsha, kachori zilizovunjwa, bhajia, nyama na nusu yai, kisha urojo wa moto mpaka vielee. Chatini na pilipili juu, krispi mwisho kabisa, na uanze kula kabla hazijalowa. Urojo utakaobaki utakuwa umeganda asubuhi: tia kikombe cha maji, upashe moto taratibu huku unakoroga. Chatini iliyoshinda mezani mwageni.