Kwaresima tulikosa shoo kabisa, mwaloni ndo pakatuokoa

Kikundi chetu cha ngoma na maigizo tuko watu kumi na mbili, hapa Mwanza. Kila mwaka ikifika Kwaresima harusi zinasimama, mvua za masika nazo zinaingia, ngoma zinanyonya unyevu mpaka ukipiga ni kama unapiga godoro, simu haiiti. Mwaka huu jamaa mmoja anayejiita mshauri wa wasanii akatuambia tusikae kimya, tukodi ukumbi tufanye shoo yetu wenyewe, watu watakuja tu.

Tukamsikiliza. Ukumbi, spika, mabango, ikaenda kama laki tatu na kitu, yote mfuko wa kikundi. Siku yenyewe mvua ikaanza saa kumi jioni. Tukawasha moto nyuma ya ukumbi tukae tunakausha ngozi za ngoma, moshi ukaingia ndani, bati linapiga kelele hata mwimbaji hasikiki, watu waliokuja ni tisa, wanne kati yao ndugu zetu. Tulicheza mpaka mwisho, ila binti anayetuongozea nyimbo alilia njia nzima kurudi Igoma na mimi sikuwa na la kumwambia. Nina hasira na ule ushauri mpaka leo.

Baada ya pale nikafuta mazoezi wiki tatu. Nikasema kila mtu aende mahali watu wanafanya kazi, arudi na mjongeo mmoja na sauti moja, basi. Maana bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe, yenyewe imetoka shambani, wanalima kwa mdundo na jembe mkononi, sasa sisi watoto wa mjini tunaiga jembe ambalo hatujawahi kulima nalo!

Mimi nilienda Kirumba Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa. Kuna mama alikuwa anaanika dagaa, anachota kwenye ndoo, kiuno kinazunguka kwanza, mkono unafuata, vidole vinafunguka mwishoni kabisa, dagaa wanatua chini wembamba kama mkeka. Nikamwamkia, nikaomba nijaribu, wangu wakatua fungu. Akaniambia "mwanangu usirundike, wataoza, achia mkono". Ule mkono ndo mwanzo wa igizo letu jipya, wote tumeujifunza na ulitutoa jasho siku nne.

Halafu pale pale nikagundua kitu ambacho nimeishi nacho miaka yote bila kukitilia maanani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu siku kadhaa wanashona nyavu. Yaani kila mwezi kuna watu kibao wamekaa ufukweni jioni, hawana haraka, na mwanga wa bure upo! Ukumbi wa nini tena.

Tukaenda mbalamwezi iliyofuata, hakuna spika wala kiingilio, tukapitisha kapu. Tulipofika kwenye igizo sehemu ya kuvuta kamba ya wavu, mzee mmoja akasimama, "hapana vijana, mguu wa nyuma ndo unavuta", akaingia katikati akatuonyesha, na wenzake wakaanza kuitikia wimbo wao wa kuvutia. Tukaacha wetu, tukafuata wao. Kapu lilitoa elfu themanini hivi na ndoo ya dagaa wakavu.

Sasa kalenda ya kikundi inafuata mwezi. Mbalamwezi ijayo tuko Igombe, mwalo mwingine wa wavuvi, na yule mzee amesema atakuja na nyavu zake.