Nilivyopima Kiingereza cha kuzungumza katika darasa kubwa Newala

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika shule ya kata ninayofundisha wilayani Newala hukuta lugha ya kufundishia imegeuka kutoka Kiswahili kuwa Kiingereza, na kwa wengine Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kimakonde cha nyumbani. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hupima Kiingereza kwa maandishi, kwa hiyo kuzungumza kumeachiwa mdahalo, ambamo wasemaji ni walewale wachache na waliobaki kazi yao ni kupiga makofi.

Hotuba ya kukariri sikuipa alama, kwa kuwa humwonyesha mwalimu nguvu ya kumbukumbu tu. Badala yake niliandaa kazi ambayo haikamiliki bila mmoja kumweleza mwenzake jambo asilolijua. Nilichora picha za hatua za kuandaa korosho: kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika, kuchambua madaraja, kujaza magunia, na kupima uzito kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Mmoja alishika picha zilizopangwa, mwenzake akakaa akimpa mgongo na picha zilezile zikiwa zimevurugwa, azipange kwa kusikiliza na kuuliza. Kazi hiyo wanaijua tangu utotoni, hivyo kinachowasumbua ni lugha peke yake, nami ndicho nilichotaka kukipima.

Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini, na asiyejaribu atasema haiwezekani. Katika kipindi cha mfululizo cha dakika 80 nilikaa na jozi chache pembeni huku wengine wakiandika zoezi la ufahamu, na kabla ya muhula kwisha kila mmoja alikuwa amesikilizwa.

Vigezo vyangu vilikuwa vinne: ujumbe kufika, mwingiliano, msamiati na sarufi. Kuupa mwingiliano nafasi yake nilikuchukua kutoka mwongozo wa lugha wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001, ambao unautenganisha na ufasaha na usahihi. Aliyekwama akaomba arudiwe kwa Kiingereza alipata alama, aliyekaa kimya akabahatisha hakupata. Matamshi niliyahesabu pale tu yalipoharibu maana. Mwanafunzi aliyetamka “l” mahali pa “r” hakupunguziwa kitu ikiwa picha zimepangwa sawasawa. Neno la Kiswahili lililoponyoka halikuadhibiwa wala halikuhesabiwa, maana sijaona bado mtoto aliyefundishwa kuzungumza kwa kuogopeshwa.

Ili nisiwe hakimu peke yangu, nilirekodi jozi kadhaa kwa simu na kumwomba mwalimu wa Jiografia azipe alama bila kuona zangu. Yeye ni mkali wa sarufi kuliko mimi, na tulipotofautiana sana tulisikiliza tena pamoja, mara nyingi tukagundua kwamba ni maelezo ya kigezo yaliyolegea. Tuliyaandika upya kwa kutaja mambo yanayosikika, kama vile idadi ya hatua zilizoelezwa bila msaada.

Tatizo lililobaki ni la jozi: hodari akiwekwa na mnyonge, alama za mnyonge hutegemea huruma ya mwenzake. Sasa kila mwanafunzi hupimwa katika jozi na wenzake wawili tofauti, mara moja akiwa msemaji na mara moja akiwa msikilizaji, nami huchukua alama za nafasi zote mbili.