Pete Chini ya Mwembe wa Rujewa

Mama alifariki Juni 2016. Septemba 1 mwaka huohuo nikapanda basi Makambako kwenda Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa. Kazini niliaga kwamba mwalimu wa fizikia hawezi kukosa tukio kama lile. Sikusema kwamba nilitaka mbingu itamke neno kuhusu mama. Jua lipatwe mwaka uleule, karibu na kwetu, iwe bure tu? Moyo uliofiwa huunganisha hata visivyoungana.

Kivulini nilikaa na mzee mmoja wa kanzu, ametoka kuswali swala ya kupatwa kwa jua. Nikajikuta nimemweleza yote. "Pole sana, mwanangu," akasema, kisha akanisimulia kwamba siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wa Madina wakadai limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, naye ndiye mfiwa, akakataa: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Baba aliyefiwa kuikataa faraja kama hiyo! Iliniuma, halafu ikanituliza kuliko rambirambi zote.

Kuelekea saa sita mchana mwezi ukaingia katikati ya jua. Ulikuwa mbali kiasi na dunia, haukulifunika lote. Ukabaki mduara wa moto kwa dakika kama tatu. Wenye miwani maalumu walitazama juu. Mimi sikuwa nayo, nikatazama mchangani chini ya mwembe: pete za mwanga tele! Kila upenyo kati ya majani ulichora jua zima. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa kale wa elimu ya mwanga, aliliandika hili yapata miaka elfu moja iliyopita. Tundu likiwa dogo, umbo la jua lililopatwa huonekana; ukilipanua, mwanga huongezeka lakini umbo hupotea. Swali langu la miezi yote ile, kwa nini kifo, lilikuwa tundu pana mno. Kwa nini mama aliuza shamba la mpunga nisome? Hilo jibu lake nalijua.

Watoto wa shule wakaja mbio: pete zimegeukaje hilali? Nikang'oa jalada la daftari, nikalitoboa kwa ncha ya kalamu. Tangu msiba nilikuwa nafundisha ili kipindi kiishe. Siku ile nilieleza, nikaulizwa, nikaeleza tena, mpaka basi la kurudi likaniacha.